Albamu Iliyopunguza Mwendo

Mwalimu wa hesabu alikuja kuchukua suruali mbili, akaondoka na moja, kwa sababu alifungua mdomo.

"Fundi, nasikia ile albamu ya tatu ya Radi Kavu inatolewa upya," alisema, amekaa kwenye benchi la wateja na suruali ya kwanza mapajani. "Ile *Tanuri*. Nilikuwa sekondari ilipotoka. Zile mbili za kwanza zilikuwa kelele tu, samahani. Lakini kwenye *Tanuri* dramu zilitulia. Zinashuka moja moja, kama mtu mnene anayeshuka ngazi. Mpaka leo nikisikia mwili unanisisimka. Mliipata wapi akili ile?"

Fundi aliuweka mkasi mezani taratibu.

"Ya pili njoo Ijumaa," alisema.

"Uliniambia zote leo."

"Sindano imevunjika."

Sindano ilikuwa nzima. Binti yake, aliyekuwa akitia vifungo kwenye shati pembeni ya dirisha, aliitazama ile sindano nzima, akamtazama baba yake, akarudi kwenye kifungo chake. Mwalimu alipotoka ndipo aliposema, "Baba, utafukuza wateja wote wenye masikio."

"Wenye masikio hawapo. Kama wangekuwepo wangejua kwamba ile albamu ni kosa."

Jina la utani la fundi huyu lilikuwa Cherehani, na halikutokana na kazi yake ya sasa. Lilimpata ujanani. Mama yake alikuwa mshonaji mwenye goti bovu, na tangu mtoto ana miaka minane, yeye ndiye aliyekaa chini ya meza akikanyaga pedali huku mama akiongoza kitambaa juu. Alijifunza kukanyaga haraka kwa hariri na taratibu kwa turubai. Alijifunza pia kufunga utepe kwenye gurudumu mkanda ukianza kuteleza, na kukunja ncha yake ili isifumuke. Alipofika miaka ishirini alikuwa na miguu ambayo haikuwa ya kawaida. Akaja shemeji yake na gitaa la umeme, akaja rafiki yao na gitaa la besi, wakaanzisha Radi Kavu, bendi ya muziki wa metali, ule mzito wa kelele na nywele, na Cherehani akakalia dramu. Dramu kubwa alikuwa nazo mbili, moja kwa kila mguu. Watu walilipa kiingilio kuja kutazama miguu tu.

Shemeji huyo, aliyemwoa dada yake mkubwa, aliitwa Mwenyekiti, kwa sababu hakuna kikao alichowahi kukaa bila kukiongoza. Yeye ndiye aliyepiga gitaa na kuimba. Mpiga besi walimwita Besi, na sasa alikuwa marehemu.

Albamu mbili za mwanzo zilikwenda mbio, na Cherehani alikuwa injini. Ya tatu waliirekodi kwa wiki moja, katika studio ya chumba kimoja iliyobandikwa trei za mayai ukutani. Walipiga haraka kuliko walivyowahi kupiga. Cherehani alitoka pale miguu inatetemeka, na moyoni alijua kwamba hakuna mtu aliyewahi kukanyaga vile wala atakayekanyaga vile tena. Wakaituma tepu kiwandani, mbali. Baada ya miezi mitatu santuri zikarudi ndani ya maboksi. Wakakusanyika sebuleni kwa Dada, wakaweka ya kwanza kwenye gramafoni.

Ikatoka taratibu.

Gitaa lilikuwa limeshuka chini kama ng'ombe mgonjwa anayelalamika. Sauti ya Mwenyekiti, ambayo kwa kweli ilikuwa nyembamba na kali, ya mtu anayegombana na jirani juu ya ukuta, ilitoka nene, ya mwanamume mwenye kifua cha pipa. Na ile miguu, ile miguu ya hariri, ilikanyaga kama inavuka matope.

"Badilisha mwendo wa hiyo gramafoni," Cherehani alisema.

"Uko sawasawa," Mwenyekiti alisema. "Nimeshaangalia mara mbili."

Cherehani aliwaandikia watu wa kiwanda barua nne za lawama. Walijibu moja, kwamba mashine zao hupimwa kila asubuhi na hazina tatizo. Wakati huohuo redio zikaanza kupiga *Tanuri*. Gazeti likaandika kwamba Radi Kavu wamekomaa, wameachana na papara, wamegundua uzito. Mwandishi akamuuliza Mwenyekiti kilichowafanya wageuke. Mwenyekiti akavuta pumzi, akasema, "Tuliamua."

Neno hilo moja ndilo Cherehani alilolibeba kwa miaka thelathini na minane kama mwiba wa samaki kooni. Maana baada ya kusema *tuliamua*, ilibidi wapige hivyo jukwaani. Mwenyekiti alijifunza kuimba kwa kukoroma mpaka akaanza kutembea na dawa ya kikohozi mfukoni. Cherehani alipiga maonyesho matatu ya kuvuka matope, la nne hakutokea. Alirudi kwenye meza ya mama yake. Bendi ikaajiri mtu mwingine, ikaendelea miaka kumi na moja kwa mwendo uleule wa kosa, ikapata sifa, kisha ikafa yenyewe kwa uzee.

Sasa kampuni ya santuri ilikuwa imeandika barua. Walitaka kuitoa *Tanuri* upya, na kijitabu chenye picha na historia. Walihitaji sahihi za wanabendi waliobaki hai, ambao walikuwa wawili, na walihitaji tepu yenyewe ya awali. Hapo ndipo Cherehani alipojikuta, kwa mara ya kwanza, ameshika mpini. Kiwanda kilikuwa kimemrudishia yeye ile tepu pamoja na jibu la barua, na miaka yote ilikaa kwenye bati la biskuti chini ya vifungo.

"Nitatia sahihi," alimwambia Mwenyekiti kwa simu, "wakiitoa kwa mwendo tulioupiga. Si vinginevyo. Watu wasikie nilichofanya."

"Shemeji, watu wanaipenda ilivyo."

"Wanapenda kilema. Mimi nataka wamwone mtu akiwa na miguu yake miwili."

Mwenyekiti akasema, "Ile mashine ya kurekodia ya studio ninayo mimi. Walipofunga niliichukua. Lete tepu Jumamosi asubuhi tuisikilize. Tukisikia, tutazungumza."

Hilo Cherehani hakulitegemea. Alikuwa ameandaa maneno makali ya nusu saa, na sasa hakuwa na pa kuyamwaga. Aliyamwaga kwenye pindo la suruali ya mwalimu, akalikosea, akalifumua.

Jumamosi alikwenda na binti yake, bati la biskuti kwapani. Dada aliwafungulia mlango.

"Leo umekuja bila msiba wala harusi," alimwambia mdogo wake. "Nikae chini kwanza?"

"Nimekuja kikazi, Dada."

"Kazi ya kugombana hiyo. Ingieni. Mume wangu anapangusa chuma lake tangu alfajiri kama anamwogesha mtoto."

Mashine ilikuwa juu ya meza ya kulia chakula, kubwa kama sanduku la bibi harusi. Mwenyekiti alikuwa amenenepa na kupungukiwa nywele, lakini alisimama nyuma ya ile meza kama mtu anayesubiri wajumbe watulie.

"Karibuni. Ajenda ni moja," alisema.

"Acha ajenda, weka tepu," Cherehani alisema.

Waliipitisha tepu pamoja, kwa tahadhari, mikono yao minne ya kizee ikigongana. Hawakuwa wamegusana mikono hivyo tangu siku za studio. Mwenyekiti alibonyeza. Magurudumu yakazunguka. Palikuwa na mkwaruzo, palikuwa na sauti ya Besi, Mungu amrehemu, akikohoa na kusema "haya", halafu nyumba nzima ikajaa.

Ilikuwa mbio. Ilikuwa mbio kabisa. Glasi zikalia kabatini. Ile miguu miwili ya kijana wa miaka ishirini na minane ilitoka kwenye spika kama mvua ya mawe juu ya bati, na Cherehani, mwenye miaka sitini na sita, alishika ukingo wa meza.

"Umesikia?" alisema. "Umesikia? Hiyo ndiyo. Miaka thelathini na minane nawaambia. Kiwanda. Niliwaambia kiwanda ndicho kilichoharibu."

Kisha sauti ya kuimba ikaingia, nyembamba, juu kabisa, na Dada akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Huyu ndiye aliyenichumbia," alisema. "Huyu huyu. Nilikuwa nimemsahau. Aliposema anataka kunioa nilidhani ana jambo limembana."

Mwenyekiti hakucheka. "Inatosha," alisema, mkono ukielekea kwenye kitufe.

"Iache," Cherehani alisema.

Wakaiacha. Wimbo wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza, na katikati ya wa pili ule uso wa ushindi wa Cherehani ukaanza kupoa. Alikuwa anasikia kitu ambacho hakukitafuta. Miguu ilikuwa na kasi, hapakuwa na ubishi. Lakini ilikuwa peke yake. Gitaa lilikuwa nyuma yake hatua nzima, linahema. Besi alikuwa ameachwa kabisa, anapiga noti moja pale palipotakiwa tatu, kama mtu anayekimbilia basi lililokwisha kuondoka. Hakuna aliyekuwa akimsikiliza mwenzake. Kwenye ile santuri ya matope, walau, watu watatu walikuwa chumba kimoja.

"Tulikuwa tunakufukuza," Mwenyekiti alisema kwa sauti ya chini. "Wiki nzima. Usiku Besi alikuwa analoweka vidole kwenye maji ya chumvi. Aliniambia, mwambie apunguze. Nikamwambia, mwambie wewe."

"Na kwa nini hamkusema?"

"Ungekubali?"

Cherehani alikasirika kwa namna mpya, isiyo na mtu wa kuelekezewa, na hiyo ndiyo hasira mbaya kuliko zote. Akatafuta pa kushika. "Hata hivyo," alisema, "kosa ni kosa. Tepu inasema hivi, santuri inasema vile. Kuna mtu kiwandani alilala kazini."

Binti yake hakuwa akisikiliza. Alikuwa amejiinamia juu ya mashine, akitazama inavyofanya kazi, kama alivyotazama mashine yoyote. Kilichomvutia ni kile kijiti cha chuma kinachozunguka na kuivuta tepu. Kilikuwa kinene kidogo, na cheusi.

"Mjomba, hiki kijiti kinatakiwa kuwa na nguo?"

"Nguo gani?"

"Simamisha."

Mwenyekiti akasimamisha. Binti akachomoa kioo cha kazi mfukoni, kile cha kuhesabia nyuzi, akainama. Alikaa hapo muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Baba," alisema, "njoo uone."

Kwenye kijiti palikuwa na utepe mweusi wa pamba, ule wa kufungia pindo, umezungushwa mara tatu na kugandishwa kwa gundi. Na ncha yake ilikuwa imekunjwa kwa ndani kwa pembetatu, kisha ikabanwa chini ya mzunguko wa mwisho. Duniani kuna namna nyingi za kumalizia utepe. Ile ilikuwa ya nyumba moja tu.

Dada alivaa miwani yake, akatazama, akaivua.

"Hiyo ni pembe ya Mama," alisema.

Cherehani alikuwa ameinama juu ya mashine, na kumbukumbu ikamjia bila kubisha hodi. Siku ya pili ya studio. Fundi mitambo alikuwa amekwenda kula, Besi na Mwenyekiti wako nje wanavuta sigara. Yeye kabaki peke yake, akawasha wimbo wa majaribio walioupiga jana yake, akausikia umechoka. Akaitazama mashine, akaona kijiti kimelika na tepu inateleza. Mfukoni alikuwa na kipande cha utepe. Mfukoni alikuwa na kipande cha utepe siku zote. Akafunga, kama anavyofunga gurudumu la mama, akawasha tena. Ukachangamka. Akafurahi. Wenzake waliporudi walirekodi juu ya ule wimbo wa majaribio, na yeye hakumwambia mtu, kwa sababu hakuona cha kusimulia. Nani humwambia mwenziwe kwamba amejikuna sikio?

Kijiti kinene huvuta tepu haraka. Nyimbo tisa zote zilirekodiwa juu ya tepu iliyokuwa inakimbia. Zilipofika kiwandani, kwenye mashine iliyopimwa asubuhi, zikatembea.

Barua nne aliwaandikia wale watu. Ya tatu ilikuwa na matusi.

"Nyani haoni kundule," Dada alisema, bila ukali.

"Dada, tafadhali."

"Sijasema wewe. Nimesema nyani."

Mwenyekiti alikuwa ameketi. Mwanzoni mabega yake yalitikisika, na Cherehani akadhani analia, kumbe anajizuia kucheka. "Shemeji," alisema alipoweza, "umeninunia miaka thelathini na minane. Harusi ya mwanangu ulikaa meza ya watoto ili usikae na mimi. Na mikono ni yako." Akaisogeza ile fomu ya kampuni, na kalamu juu yake. "Tia sahihi, mambo yaishe. Waitoe ilivyo, na historia ibaki ilivyo."

Cherehani aliichukua kalamu. Aliisoma fomu yote, mstari kwa mstari, kama alivyozoea kusoma kila kitu anachotia jina lake. Alipofika kwenye ukurasa wa historia ya albamu, alisimama. Pale pameandikwa kwamba kiongozi wa bendi, akiwa na maono yaliyotangulia wakati wake, aliamua kupunguza mwendo na kuupa muziki uzito.

Alisoma mara ya pili. Ndipo akaanza kuona jambo ambalo hasira ilikuwa imemficha.

"Hukuamua," alisema.

"Nini?"

"Hapa pameandikwa wewe uliamua. Hukuamua wewe. Yale mageuzi wanayoyasifu, ule uzito, ile sauti yako ya pipa, vyote vimetoka kwenye utepe wangu. Wafute jina lako hapa, waandike langu."

Mwenyekiti aliacha kucheka. "Lakini lilikuwa kosa. Umelia kosa, kosa, mchana na usiku."

"Ni kosa. Lakini ni langu. Miaka yote hii umelivaa kama koti lako, na mshonaji nipo."

"Nimewaambia watu tuliamua. Nimesema redioni. Nimesema mbele ya wanafunzi wa chuo, walinialika. Nitaonekanaje?"

"Utaonekana mwenye sauti nyembamba."

"Basi mimi ndiye sitii sahihi."

"Usitie."

Wakakaa, mmoja kila upande wa mashine, mikono imekunjwa. Mwenye tepu alikuwa tayari na mwenye maono amegoma. Binti alimtazama shangazi yake. Dada alinyanyuka, akaichukua ile fomu, akaenda kuisomea dirishani penye mwanga, akarudi.

"Nimepika chakula cha watu wanne," alisema. "Nimeolewa na huyu, nimezaliwa tumbo moja na huyu, na wote wawili nimechoka nao. Pakiandikwa ukweli, kila mmoja anaaibika kidogo. Pakiandikwa uongo, mmoja ananuna na mimi ndiye ninayepokea simu. Mume wangu, tia sahihi."

"Mke wangu, hili ni suala la—"

"Au niwape kampuni wimbo wa kwanza na sauti yako halisi?"

Mwenyekiti alitia sahihi. Alikandamiza mpaka karatasi ikatoboka kwenye nukta.

Albamu ilitoka baada ya miezi mitano. Cherehani aliusoma ukurasa wa historia akiwa amesimama. Ukweli ulikuwepo, wote, utepe mweusi na pembetatu na barua nne, maana ndivyo alivyowaandikia kwa mkono wake. Kwa siku tatu alikuwa na amani. Siku ya nne mwalimu wa hesabu akaingia na kijitabu mkononi.

"Kumbe ni wewe!" alisema. "Nimesoma uchambuzi gazetini pia. Wanasema mpiga dramu alijitoa mhanga. Aliificha kasi yake mwenyewe ndani ya mashine ili bendi ipate uzito. Wanasema ni uamuzi wa kishujaa."

"Sikuamua," Cherehani alisema. "Nilitaka iende haraka. Imeandikwa humo. Hujasoma?"

"Nimesoma. Unyenyekevu wa wasanii."

"Mwalimu, wewe unafundisha hesabu. Mtu akikosea hesabu, akapata jibu linalopendeza, unampa alama?"

Mwalimu alifikiri. "Inategemea linapendeza kiasi gani."

Cherehani alifungua mdomo ili aseme kwamba sindano imevunjika, lakini binti yake alikuwa ameshaitoa ile suruali kabatini, imekunjwa, imepigwa pasi. "Ipo tayari miezi mitano sasa, mwalimu, hukurudi kuichukua. Mguu wa kushoto baba aliurudia mara tatu."

Mwalimu akalipa, akaondoka anaimba ule wimbo wa pili, taratibu, kwa sauti ya pipa.

Fundi alikaa kwenye cherehani ya zamani ya mama yake na kuanza kukanyaga. Mkanda ukateleza. Akakanyaga tena, ukateleza. Mkono ukaenda wenyewe mfukoni, ukatoka na kipande cha utepe mweusi, ukasimama hewani.

"Njoo ufunge wewe," alimwambia binti yake. "Mimi sitaki kuulizwa tena."